Mama Nyaya na Kichwa cha Kijani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi umeme tunayemwita Mama Nyaya anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya reli kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa mwanagenzi asiyeruhusiwa kugusa hata swichi. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha umeme, na sauti yake bado inafika mlangoni kabla yake.

Mengi ameyatengeneza, lakini wengi watamkumbuka kwa treni moja ndogo inayobebeka kwapani.

Kichwa cha kwanza cha umeme kuvuta mabehewa kwenye reli yetu, kile cha kijani chenye pua butu, kilipochoka kabisa, iliamuliwa kikatwe kiuzwe chuma chakavu. Mama Nyaya alikwenda kwa wakuu kukitetea, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, vilevile. Safari ya tatu hakuomba kiachwe; aliomba muda wa kukipima. Tulimshikia futi ya utepe wakati wa mapumziko, tukidhani ni majonzi tu, yatapita.

Hayakupita. Nyumbani kwake alianza kuunda mfano mdogo wa kichwa kile: alikata bati, akasokota nyaya nyembamba kama nywele, akapaka rangi kwa brashi ya rangi ya kucha. Meza ya kulia chakula ikageuka karakana, familia ikawa inakula sahani zikiwa mapajani. Shemeji yetu alilalamika kwamba ameletewa treni iwe mume mwenza, ingawa ndiye aliyezunguka mji mzima kuitafutia mota.

Kazi ilipokwisha, alimpelekea kwanza dereva wa zamani wa kichwa kile, mzee ambaye macho yake hayaoni tena. Mzee alikipapasa polepole kuanzia puani, kisha vidole vikasimama penye ngazi.

"Hii ya kushoto ilikuwa imepinda, binti yangu," alisema. "Niliipinda mimi, siku nilipoletewa habari kwamba nimepata mtoto. Niliruka, nikaikanyaga vibaya."

Mama Nyaya akatoa koleo mkobani, akaipinda palepale. Mzee akaigusa tena, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku treni ilipowekwa kwenye ukumbi wa abiria, mkuu wa kituo alibonyeza kitufe mbele ya wageni, nayo ikaenda kinyumenyume. Bila kupepesa macho, Mama Nyaya aliwaeleza kuwa hata kile kikubwa kilikuwa kikitoka bandani hivyo. Wageni wakapiga makofi. Sisi mafundi tukatazama viatu vyetu.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, hakutaka saa wala seti ya vikombe. Aliomba kitufe kishushwe, ili watoto wabonyeze wenyewe bila kubebwa. Seremala wetu amekwisha kukishusha, na tangu hapo treni haijapata nafasi ya kupoa.

Asante, dada yetu, kwa mikono yako na kwa vicheko ulivyotuachia. Tunakuombea afya, usingizi mnono na nyumba yenye furaha. Ukipita kituoni, karibu ubonyeze kitufe, ila itabidi upange foleni nyuma ya watoto.