Mzee Haonga Aliyegoma Kusaini

Miaka ishirini na minne si mchezo. Tarehe 30 Juni, Mzee Danford Haonga, mkuu wa kitengo cha kompyuta katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, anastaafu. Uongozi umeomba yaandikwe maneno matamu. Yataandikwa ya kweli, na matamu yatajitokeza yenyewe.

Kazi yake ilikuwa kusoma kumbukumbu za kompyuta: nani ameingia, amefungua faili gani, ametoka saa ngapi. Kwa kumbukumbu hizo alimnasa mtu wa nje aliyeingia kwa nywila ya wizi, kabla hajagusa nyaraka za mteja hata mmoja. Lakini ubishi wake, jamani! Alipotakiwa azitumie kupima tunakaa msalani muda gani, alijibu kwamba ameajiriwa kulinda mlango, si kuchungulia choo.

Mwaka juzi meneja wetu, Bwana Efraimu, alikuja na ripoti ya kompyuta inayoonyesha kwamba dada wa dawati la wateja wa Zambia anatoroka kazini saa nzima kabla ya muda, kila siku. Barua ya kumfukuza ikawa tayari, ikabaki saini ya Mzee Haonga ya kuthibitisha ripoti. Akagoma. Akaambiwa asiposaini wataondoka wote wawili. Akasema sawa, akaanza kufungasha vitu vyake.

Kabla hajamaliza, akaiweka ripoti ileile mezani mbele yetu sote. Akauliza mbona inaonyesha pia kwamba dada huyo anaingia asubuhi kabla mlinzi hajafungua geti. Anapita wapi, dirishani? Akajijibu mwenyewe. Wateja wake wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na huko saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Dawati lile tangu zamani huweka kompyuta kwa saa ya Zambia. Bwana Efraimu alikuwa amesoma saa za kutoka tu! Barua ikachanwa.

Hapo Mzee akaweka sharti: hakuna kuadhibiwa kwa kumbukumbu za kompyuta kabla hujaonyeshwa na kuulizwa. Tunasikia wapo wanaosubiri aondoke walifute. Wathubutu!

Mzee wetu, asante sana. Kahawa yako ya Mbozi izae, magoti yakupe nafuu, na ubishi usikuishe. Sharti lako tumelisaini sote, na saini ya kwanza ni ya yule dada, ndiye mimi ninayeandika haya: Recho Simfukwe, dawati la Zambia. Bado nipo.