Adalberto Pertuz, Aliyelala Mtaani Jumanne ya Joselito

Wasikilizaji wapendwa, nimemwomba fundi mitambo asiweke ngoma mwanzoni mwa kipindi, naye amekubali. Mimi ni Wilfrido Charris, yule yule mnayemsikia kila asubuhi akipiga domo mpaka matangazo ya biashara yanakosa nafasi. Leo namkumbuka mtu mmoja. Jina lake Adalberto Pertuz, fundi viatu wa mji wa Magangué. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alifariki hapa hapa Barranquilla, Jumanne ya mwisho ya kanivali, siku tisa zilizopita.

Nilikuwepo. Nilikuwa hatua moja kutoka pale alipolala, na kipaza sauti mkononi. Angeweza kupata msaada mapema, na mimi ndiye niliyefanya usimfikie. Nalisema sasa hivi, kabla ya mengine, ili mtu asije akadhani namsifu marehemu kwa ajili ya kujisafisha.

Adalberto alikuja kwenye kanivali yetu miaka ishirini na miwili mfululizo. Rudia nami, msikilizaji: miaka ishirini na miwili. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kununua tikiti ya basi wala kulala hoteli wala kukalia kiti cha kulipia. Alikuja juu ya lori la mihogo la rafiki yake, akilipa nauli kwa kushusha magunia sokoni. Mkononi alikuwa na mfuko mmoja. Ndani yake kulikuwa na bembea ya kulalia, jibini ya chumvi, shati moja safi, gundi, uzi na sindano zake za viatu.

Bembea aliifunga uani kwa Mama Cleotilde, pale mtaa wa Barrio Abajo, kati ya nguzo mbili za banda la kufulia. Mama Cleotilde ana miaka themanini na mmoja na ulimi wake bado mkali. Aliniambia, "Kila mwaka namwona mlangoni, namwambia, umekuja tena, kupe wewe? Ananijibu, kupe hana nauli, mama, nisogezee sufuria nioshe. Na kweli anaosha. Nimepangisha vyumba kwa watu wenye pesa, mwanangu, wakaniachia shuka kama tandiko la punda. Huyu aliniachia jiko linang'aa."

Mnajua bei ya viti kule Vía 40, barabara inakopita kanivali. Adalberto hakuhitaji kiti. Alisimama mahali ambapo vikundi vya ngoma vinajipanga kabla ya kutoka, akasubiri. Haipiti nusu saa kabla kiatu cha mtu hakijaachia soli. Hapo anapiga goti, anashona, hadai hata senti. Mcheza ngoma anamwambia, "Njoo basi, mzee, tembea nasi, kikikatika tena je?" Akawa anaiona kanivali kutoka katikati yake, pembeni mwa wapiga ngoma, huku mawaziri na wake zao wanaiona kwa mbali. Alilipenda sana hilo. Dada yake anasema alirudi kwao kila mwaka na hadithi moja, ya kiatu fulani, na aliisimulia mpaka Pasaka.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hakuja peke yake. Alikuja na dada yake, Edilsa.

Edilsa alifiwa na mumewe mwezi wa Juni. Tangu Juni alikuwa amevaa nguo nyeusi, na tangu Juni hakuwa amecheka. Adalberto alimbembeleza wiki tatu. Edilsa mwenyewe alinisimulia walivyozozana.

"Nikamwambia, mjane anakwenda kanivali kufanya nini, Beto? Watu watanisema. Akaniambia, watakusema ukienda na watakusema ukibaki, afadhali wakuseme umeshaona kitu. Nikamwambia, nguo hizi sizivui. Akasema, nani kakwambia uvue? Njoo nazo hivyo hivyo."

Wakapanda lori. Edilsa alikaa mbele na dereva, Adalberto juu ya mihogo. Jumamosi, pale vikundi vinapojipanga, bwana mmoja mnene aliyevaa kama mtoto mchanga alikaa chini ashonewe kiatu, akashindwa kuinuka, na waliomvuta wakaangukia juu yake. Edilsa akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Adalberto aliendelea kushona ameinamisha kichwa. Jioni alimwambia Mama Cleotilde, "Nimeshapata nilichokifuata."

Jumatatu akaanza kuchoka. Alisema ni mgongo. Edilsa akataka waondoke, akasema, "Hiyo rangi ya uso siyo yako, Beto, twende nyumbani." Akamjibu, "Kesho tu, Edi. Hujaona wanavyomlilia Joselito. Umelia kweli miezi minane, uone na watu wanaolia kwa mchezo."

Wasikilizaji wapendwa, mambo ya Joselito hakuna wa kutufundisha. Jumanne mtu analala barabarani amepakwa wanga mweupe, eti kafa kwa ulevi wa siku nne, na wajane wake, nusu yao wana ndevu, wanamlilia mtaa mzima. Ndiyo kanivali imekwisha. Tumelia kilio hicho tangu tukiwa watoto. Kwa hiyo Jumanne tukimwona mwanamume mweupe kwa wanga amelala chini, na pembeni yake mwanamke mwenye nguo nyeusi anapiga mayowe, hatuulizi. Tunacheka, tunajiunga.

Adalberto alianguka saa tisa na dakika kumi alasiri, kona ya pili kutoka nyumbani kwa Mama Cleotilde. Vijana walikuwa wamemmwagia wanga kichwani tangu asubuhi. Alikuwa mweupe mpaka kope. Hakuna ambaye angeiona rangi ya uso wake. Edilsa akapiga magoti, akashika kifua chake, akalia. Alikuwa na nguo nyeusi za kweli, na kilio cha kweli, na hakuna kona nyingine yoyote duniani ambako vitu hivyo viwili vingemnyima msaada.

Mimi nilikuwa natangaza moja kwa moja. Nilikuwa nimeshapita kwa wajane sita, wote wachovu, wote wanarudia maneno yale yale. Nikamsikia huyu. Nikawaambia ninyi, na wengi mnakumbuka, maana mlinipigia simu kunipongeza, nikawaambia, "Jamani, huyu sasa ndiye mjane wa mwaka!" Nikamsogezea kipaza sauti mdomoni. Akasema, "Ni kaka yangu, hapumui vizuri, tafadhali." Nami nikasema, "Mmesikia? Mwaka huu Joselito kaacha mpaka dada!"

Watu wakaangua kicheko. Wakazidi kuja, kwa sababu redio imesema ni kona gani. Mmoja akamwekea ua kifuani. Mwingine akammwagia ramu mdomoni. Wanaume wawili wenye mashungi wakapiga magoti kando ya Edilsa wakalia naye, mmoja akamkumbatia, na yeye alipomsukuma, tukapiga makofi.

Dakika kumi na moja. Nazijua kwa sababu kanda inayo saa. Dakika kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Aliyetuzindua ni muuza barafu, mama mmoja aliyekuwa anapita na toroli lake, ambaye hakuwa na muda wa kucheka. Aliusogeza mkono wa Adalberto pembeni ili gurudumu lisiukanyage, akaushika mara ya pili. Akasema, hakupaza sauti hata kidogo, "Nyie, mtu huyu anakufa." Akamwaga barafu yake yote barabarani. Wale wawili wenye mashungi ndio waliomnyanyua, mmoja wao rangi ya mdomo inamchirizikia kidevuni. Walimsukuma kwenye lile toroli mpaka zahanati. Alifariki mlangoni.

Nilimuuliza daktari, dakika zile zingemwokoa? Akaniambia, "Pengine." Nimekaa na neno hilo siku tisa. Angesema ndiyo, ningejua ninabeba nini.

Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu kama kila mtu, kisha nikaja studio nikaisikiliza ile kanda. Niliisikiliza mara nne. Jumapili nikapanda basi kwenda Magangué, nikaikuta familia katikati ya sala za siku tisa. Nilidhani watanifukuza, na nilistahili. Edilsa alinipa kiti, akaniletea kahawa. Akaniacha niombe radhi mpaka mwisho, hakunisaidia wala hakunikatiza. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Kanda yenu inashika kila sauti?"

Nikasema ndiyo, dada.

"Alisema kitu? Mimi nilikuwa nalia. Sikusikia kama alisema kitu."

Jamani, ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimeisikiliza mara nne, na mara ya nne, nilipozima sauti yangu mwenyewe kwenye mashine, ndipo nilipomsikia. Dakika ya tatu. Nilikuwa nimemwinamia Edilsa na kipaza sauti, karibu kabisa na mdomo wa Adalberto, na mimi naongea juu yake.

Nikamwambia, "Alisema maji. Alisema mara mbili. Naomba maji."

Edilsa akasema, "Basi sote wawili tulikuwa tunapiga kelele."

Nikamwambia hapana, dada. Wewe ulikuwa unaita watu. Kelele ilikuwa yangu.

Sijui kama amenisamehe, sikumuuliza tena. Aliponisindikiza mlangoni alisema tu, "Ukimtaja redioni, sema alikuwa fundi. Usiseme maskini. Ninyi wa mjini mtu asipolipa kiti mnamwona ombaomba." Basi nasema, Adalberto Pertuz alikuwa fundi, na viatu vyetu vingi vilivyocheza mwaka huu vilicheza kwa mkono wake.

Kwako Edilsa, na wapwa, na majirani wa Magangué, na Mama Cleotilde ambaye bado hajaifungua ile bembea, poleni sana. Poleni kutoka redio hii, na poleni kutoka kwangu mimi, Wilfrido, ambaye maisha yangu yote nimelipwa kuongea.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, mwakani Jumanne mtamzika tena Joselito, wala siwaambii msimzike. Ila kabla hujacheka, piga goti. Mshike mkono huyo aliyelala. Muulize kama anataka maji. Kama anaigiza, atakucheka wewe mbele ya mtaa mzima, utaona aibu kidogo, halafu mtainuka nyote wawili mwende nyumbani.