Chupa Niliyoiita Gongo

Mheshimiwa Mwenyekiti wetu wa Mtaa hapa Segerea, bosi wangu Benjamin, mama Genoveva wa jikoni, wageni waalikwa, na nyie wateja mliokunywa mkononi mwangu miaka thelathini na moja, habari za jioni. Niruhusuni niegemee kaunta. Miguu imechoka, na mie nimechoka nayo.

Leo naagwa, na mmenisifia ulimi. Ni kweli. Nani mwingine, kutoka hapa mpaka Mabibo, aliyekuwaga anagusa pombe iliyochakachuliwa kwa ncha ya ulimi tu, akaitema? Ni mie Elinaza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini chupa haikuwahi kunidanganya.

Basi mwezi uliopita bosi akaleta chupa mbili za wiski ya Uskochi, changa, miaka mitano tu, kilevi asilimia sitini. Vaileth, msaidizi wangu, akaifungua moja huko stoo, akaja kunimiminia. Nikaonja kavu, bila maji, kama ninavyoonjaga zote. Ikaniunguza mpaka masikioni, halafu ukaja moshi. Moshi! Nikapaza sauti: "Hii gongo! Mama yangu aliipika kule Upareni, naijua. Huyu binti kauza wiski yenyewe, kajazia gongo."

Vaileth akasema, "Babu, tia maji kidogo kwanza, halafu soma lebo."

"Mie sisomi lebo, nasoma kinywaji!"

Mkacheka. Yeye akasimamishwa kazi.

Juzi bosi akafungua chupa ya pili mbele yangu, lakiri haijaguswa. Moshi uleule. Akanisomea lebo: kumbe wenzetu shayiri yao wanaikausha kwa moshi wa udongo wa kinamasi, wanauchoma kama kuni, tena kwa makusudi, jamani! Nikatia maji kijiko kimoja. Moto ukatulia, ukabaki utamu wa nafaka, chumvi kwa mbali, na harufu ya kanga ya mama akitoka jikoni. Sikulia. Macho yamezeeka tu.

Sasa nauliza: ulimi wangu ukikosea, aaibike mtoto wa watu? Nilimwita mwizi mbele yenu. Mbele yenu nasema hakuiba. Bosi, hiyo saa ya ukutani mliyoninunulia siipokei mpaka binti arudi kazini. Yule pale mlangoni. Hajaniamkia, na ana haki.

Vaileth mwanangu, njoo. Funguo za stoo hizi, shika wewe. Nimiminie ile ya moshi, maji utatia unavyojua.

Nashukuru mmenisikiliza mie miaka yote hii. Sasa msikilizeni yeye.