Si Samaki Waliokwisha Kwanza

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Talitha, niinulie mto. Noé, acha kusimama kama mtu anayengoja treni, kaa. Mchungaji amekuja asubuhi, tumekwisha kusali, na dawa nimeikataa kwa sababu inanilaza, nami leo sitaki kulala kabla sijasema.

Nimewasikia mlivyokuwa mkiongea uani. Mnadhani mgonjwa hasikii? Noé anasema mfanyabiashara Amuri yuko tayari kuichukua mashua yetu kule Bukama, hata bila moteri, aibebeshe makaa na samaki wakavu. Talitha anasema hapana, tungoje vita viishe, watu watarudi kuvua kwa kujifurahisha kama zamani. Kisha mkaanza ubishi wenu ule unaonichosha kuliko ugonjwa huu, wa nani aliiua kazi ya mashua. Vita, anasema Noé. Samaki wamekwisha, anasema Talitha. Miaka na miaka mnavutana hivyo, na kinachoniudhi si ninyi, ni kwamba maneno hayo yote mawili mliyatoa kinywani mwangu, na mimi nilijua wakati nayasema kwamba siyo.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ya matofali ni yenu wote wawili, asimtoe mtu mwenzake. Shamba la mahindi njia ya Kaniama ni la Talitha, kwa sababu ndiye aliyelilima wakati mimi najifanya kapiteni. Cherehani ya marehemu mama yenu ni yake pia. Noé, baiskeli yangu, redio na vitabu vya Kifaransa ni vyako. Mkigombana juu ya sufuria nitajua, hata huko nitakakokuwa. Basi, hayo yamekwisha. Zito ni mashua, na mashua siwezi kuigawa mpaka niseme jinsi ilivyokufa. Msinikatize.

Mnaikumbuka ilivyokuwa mpya? Niliinunua kwa Mgiriki mzee aliyekuwa anafunga duka lake pale Bukama, bodi la chuma, viti thelathini vya mbao, paa la mabati, nikaandika ubavuni jina la mama yenu, Julie, kwa rangi nyeupe. Mimi nilikuwa karani wa tiketi hapa gare, stesheni ya treni ya Kamina, mtu wa kalamu, hata kuogelea sijui. Aliyejua maji ni Mwila, mvuvi wa Kabondo-Dianda, ndiye niliyemkabidhi usukani. Watu walinicheka. Nani, walisema, atapanda treni Ijumaa mpaka Bukama, ashinde Jumamosi nzima juani kutafuta samaki ambaye hapa sokoni anauzwa amekwisha kutolewa magamba?

Lakini walikuja, na aliyewaleta si mimi. Ni Mwalimu Mbombo, yule mama wa shule. Wewe Talitha alikufundisha kusoma, huwezi kumsahau. Wanamwita Mkasai, lakini alizaliwa hapa hapa Kamina, baba yake alikuwa fundi wa reli aliyeletwa kutoka Kasai kabla mimi sijavaa viatu. Alipanda mashua mara moja na dada zake wawili, na mwezi uliofuata akaja na watu kumi na wanne: wauguzi, walimu, makarani wa reli, maharusi waliofunga ndoa juzi yake. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba atakayevua samaki mdogo kuliko wote ataosha sufuria za wote, na nimemwona kwa macho yangu mkuu wa gare, mtu aliyekuwa akitutetemesha wiki nzima, amechuchumaa ukingoni mwa maji anasugua sufuria kwa mchanga huku karani wake anamwonyesha palipobaki masizi. Mwila akizima moteri pale mto unapoingia katika mafunjo ya ziwa Kisale, kila mtu ananyamaza, ndoano zinashuka, na kelele inayofuata ni ya mtu aliyeshikwa na kambale mrefu kama mkono wake. Jioni tunachoma, tunakula na bukari, ugali wetu, na asubuhi ya Jumapili Mbombo anaanzisha wimbo, Wamethodisti, Wakatoliki, hata Waislamu wa Maniema wanapiga makofi. Watu walikuwa wanaomba nafasi miezi miwili mbele.

Mwaka wa tisini na moja ukaja na uporaji wake, mishahara ikawa haitoshi sabuni, wageni wa migodini wakafunga mizigo, mafuta ya moteri yakawa ya kubembeleza. Tulipungua, sikatai. Thelathini ikawa ishirini na mbili. Lakini hatukufa. Mtu ambaye wiki nzima hana furaha atajinyima nguo apate siku moja ya furaha, nami niliona wakijinyima.

Kisha ukaja mwaka Wakasai walipofukuzwa huku kwetu, hata waliozaliwa hapa. Noé, usiinamishe kichwa, nitafika kwako.

Mnakumbuka gare ilivyokuwa. Familia na magodoro yao, kuku, picha za harusi, watoto wenye homa, wote wamekaa kando ya reli wanangoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, na treni haiji, na jua halina huruma. Mimi nilikuwa dirishani kwangu, na tiketi za treni isiyokuwepo. Siku ya nne, mchana, Mbombo akaja dirishani. Alikuwa amefunga kichwani kitambaa cha kwenda kanisani, kama mtu anayekwenda kuomba kitu kwa heshima.

Akaniambia, “Papa Matthias, miye siombi tiketi. Mama iko mugonjwa sana. Mutupe tu ile chumba ya nyuma, alale mbali na jua mpaka treni ifike.”

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mizigo, na mizigo haikuwepo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, naushika. Nikatazama nyuma yake. Kulikuwa na kundi la vijana wamejifunga majani kichwani, wanaimba, wanawaita wale watu bilulu, wadudu, na mbele ya kundi, mwenye fimbo, alikuwa mwanangu wa kwanza. Ulikuwa na miaka ishirini, Noé. Uliniona, nami nilikuona, na Mbombo akageuka akaona tulivyoonana.

Nikamwambia, “Ngoja kidogo, Mwalimu, nakuja.” Nikashusha dirisha. Nikakaa ndani, juu ya kiti, mpaka saa ya kufunga kazi, na nikatokea mlango wa upande wa pili.

Mama yake alifia pale kesho yake saa nane mchana, amekaa juu ya sanduku la nguo. Walimzika ng'ambo ya reli. Treni ilikuja siku mbili baadaye, Mbombo akapanda, hakutazama dirishani.

Talitha, usilie sasa, nipe maji. Ya vuguvugu. Asante, mama.

Mnaona mlivyokuwa mnabishana bure? Jumamosi iliyofuata nilifika Bukama na watu wanane. Wakasai hawapo, hilo linajulikana, lakini hata wengine walikuwa wamebaki nyumbani, maana nani angecheka na nani? Mwila akasimama na usukani wake, akahesabu viti kwa macho, akaniuliza, “Bantu beko wapi?” Nikamjibu kwamba samaki wamepungua, watu hawapendi tena. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi. “Samaki eko mingi, Papa. Bantu njo banakosa.”

Nilimchukia kwa neno hilo, kwamba watu ndio wanaokosekana. Nikarudi Kamina na kuwaambia ninyi, na kanisa, na kila aliyeniuliza, kwamba samaki wamekwisha. Ilikuwa rahisi kusema.

Viti vitupu vinamtesa mwenye mashua, wanangu. Nikaanza kuvijaza. Nikachukua wafanyabiashara wa samaki, na watu wa nyavu, zile zinazoshonwa kwa vyandarua vya mbu ambazo hata yai la samaki halipiti. Wakataka tuwapeleke ndani kabisa ya mafunjo, kwenye maji yaliyotulia. Mwila akazima moteri katikati ya mto. “Kule siendi,” akasema. “Kule njo samaki banazalia. Mukiua kule, munaua yote.” Watu wa nyavu wakaanza kunung'unika, na mimi, karani nisiyejua kuogelea, nikasimama mbele yao wote nikamwita mushenzi, mtu wa porini asiyejua kazi, nikamteremsha kwenye kijiji cha kwanza tulichokikuta, na viatu vyake mkononi. Miaka kumi na miwili alikuwa ameniendeshea mashua bila kumwangusha hata mtoto mmoja majini. Nikaweka mwingine usukani.

Basi hayo yalichukua muda gani? Miaka miwili. Kambale wakawa kama kidole. Wauguzi wawili waliobaki waaminifu walikuja mara ya mwisho, wakakuta viti vimejaa magunia, sakafu inanuka, wakashinda kutwa ndoano mkononi bila kuguswa, na wakati wa kushuka mmoja akaniambia kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, “Papa Matthias, hii si ile mashua.” Hawakurudi. Ndipo uongo wangu ukawa kweli, Talitha. Ukisema leo samaki wamekwisha, husemi uongo, ila unaanza hesabu katikati.

Na wewe Noé na vita vyako! Vita vya kwanza vilipopita hapa viliikuta mashua imefungwa kamba miezi mingi. Vita hivi vya sasa, ni kweli, watu wenye bunduki walikuja na karatasi wakachukua moteri. Walichukua viatu vya maiti. Tangu hapo kila anayekuja kunisalimu ananipa pole ya vita, nami naipokea, naitikia, eh, vita, vita. Hata kabla ya hapo, bwana mmoja aliyepita mwaka wa tisini na sita na karatasi ya maswali, akitaka kujua kwa nini watu hawaendi tena kuvua kwa starehe, alinisomea: mafuta, treni, nyavu, magugu, umaskini, mapigano. Nikamwambia atie alama zote. Zote zilikuwa kweli. Akafurahi, akafunga karatasi, akaondoka, na hapakuwa na mstari wa kuandika kwamba mwenye mashua alishusha dirisha.

Nimechoka kupewa pole.

Sasa sikieni. Mashua haiendi kwa Amuri. Haiendi kwenu. Nyamaza, Noé, bado nina akili zangu. Mashua ni ya Mwila, bodi, viti, paa na kamba, na Talitha utampelekea barua niliyoiandika na shemasi ameitia sahihi, iko ndani ya Biblia yangu. Kama anataka kuvulia, avulie, kama anataka kulaza kuku humo, alaze. Utamwambia mbele ya watu wa kijiji chake, mbele ya watu, kama mimi nilivyomtukana mbele ya watu, kwamba karani Matthias alikosa na yeye alisema kweli.

Unakwenda wapi, Noé? Usifungue mlango huo. Kaa. Kama huwezi kukaa, simama, lakini ndani.

Mwanangu, sikukuita hapa kukuaibisha. Siku ile ulirudi nyumbani jioni na majani yako kichwani, mama yenu akakuwekea bukari, nami nikanawa mikono nikala na wewe sahani moja. Sikukuuliza neno. Ulinitazama ukingoja nikukemee, nakumbuka ulivyonitazama, nami nikakupisha kipande kikubwa cha samaki. Fimbo uliishika wewe, lakini ruhusa ulipewa na mimi, siku ile na kila siku niliyonyamaza baada yake. Kwa hiyo hatuna mkubwa na mdogo katika jambo hili.

Mbombo yuko hai. Mtu wa reli ameniambia anafundisha tena, Mwene-Ditu, shule iliyo karibu na soko. Utakwenda wewe. Si Talitha, yeye angepokelewa vizuri. Wewe. Utamwambia ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hajui hilo, labda miaka yote hii anadhani chumba kilikuwa na mizigo. Mwambie kilikuwa kitupu. Kisha utasema la kwako, sitakupangia maneno.

Akikufukuza? Utafukuzwa. Akifunga mlango, keti nje mpaka afungue au mpaka jua lichwe, halafu kesho urudi. Na usitangulize habari ya ugonjwa wangu ili akuhurumie. Sema kosa kwanza. Akiuliza, ndipo umwambie.

Talitha... polepole... nishike hapa mgongoni. Hivyo.

Mungu Baba awaangalie. Talitha, upate mume anayekusikiliza, na watoto wasiokuogopa, na mvua juu ya mahindi yako. Noé, mkono wangu uko wapi... uweke mwenyewe kichwani pako, siwezi kuuinua. Awe nawe njiani. Akupe ulimi. Usipewe... usipewe maisha ya kujificha dirishani kama yangu.

Treni ya Mwene-Ditu inapita leo alasiri, wamesema, kama wanajeshi hawataizuia. Panda hiyo. Najua, najua, mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo kaburini. Atatupa dada yako. Mnasikia? Atatupa Talitha. Watu wakiuliza waambie... waambie mimi ndiye niliyekutuma.

Usingoje kunizika, Noé. Shika kofia yako.

Leo. Nenda leo.