Mistari ya Chaki ya Kaka Yetu Futi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma nisome maisha ya kaka yetu, fundi cherehani ambaye wengi mlimwita Futi kwa ile futi ya kupimia iliyokuwa haimtoki shingoni, mnivumilie, nimeishia darasa la saba.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi 1959 hadi 1965, akaanza kushona 1968 katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, akadumu humo miaka arobaini na tisa, akimwambia kila mteja aliyenenepa kwamba kitambaa ndicho kilichorudi baada ya kufuliwa. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, akajaliwa watoto wanne, na wifi yangu alitutangulia mwaka 2015.

Mwaka 2017 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, akashindwa kutunga uzi, na tarehe 3 Mei hospitali ikasema ni Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, akatuambia haogopi kufa, anaogopa kuganda, maana miguu ilikuwa inagoma ghafla, kama imeshonewa sakafuni. Dada wa mazoezi wa pale hospitali alimfundisha kuvuka mistari ya sakafuni, kuinua goti na kuhesabu kwa sauti, maana mguu ulioganda hufunguka ukiona mstari wa kuvuka, kaka akaichora mwenyewe kwa chaki yake ya kushonea, toka kitandani hadi bafuni, mstari mmoja kila inchi kumi na sita, na kila asubuhi aliivuka, mimi nyuma yake mikono wazi, nikimsihi akae asije akaanguka, naye akinijibu kwamba akikaa ndiyo ameshaanguka.

Sasa nakiri mbele za Mungu na mbele yenu. Tarehe 11 Januari mwaka huu tulitarajia wageni wa sala, nikaionea aibu ile chaki, tena nikajiambia bila mistari atatulia kitini, nikapiga deki korido yote. Kaka akaamka kwenda bafuni, alifika katikati akaganda, akaniuliza mistari iko wapi, nikamwambia njoo tu kaka, si hapa tu, nikayaona macho yake yakitafuta sakafuni, kisha akaanguka. Alivunjika nyonga, akalala wiki tano, akaingiwa na homa ya mapafu, akafariki tarehe 17 Februari, saa nne asubuhi. Hakunigombeza, alinitania tu kwamba tangu utoto hajawahi kuniona nikimaliza deki, na msamaha ule unanitisha kuliko fimbo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, dada wa mazoezi, majirani na mafundi wenzake, na mwenye mgonjwa kama huyu nyumbani, hofu yako isimfunge miguu.

Mistari nimeichora upya, kila asubuhi naivuka, naogopa kuikanyaga. Pumzika kwa amani, kaka, huko mguu haugandi.