Cécile Kamikazi: Aliyetaka Kila Simu Ione

Ndugu, majirani na marafiki, huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, ni dada yangu mkubwa, Cécile Kamikazi. Mimi ni Révérien, mdogo wake. Nasoma kwa Kiswahili kwa agizo la mama yetu, Mukashema, ambaye yuko Bujumbura na mpaka uliofungwa umemzuia kufika. Kiswahili ndiyo lugha aliyotulelea, na Mama akishasema jambo, limesemwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, Buyenzi, Bujumbura, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Zephaniah Ntakirutimana, fundi cherehani, na Mukashema. Nyumbani yeye ndiye aliyegawa ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika. Aligawa sawasawa hadi akaudhi watu: mkubwa na mdogo, aliyetumwa dukani na aliyejificha asitumwe, wote walipata sawa. Mimi nilikuwa wa kujificha, kwa hiyo sina malalamiko.

Alisoma shule ya msingi Buyenzi. Sekondari aliianzia Bujumbura na kuimalizia Kigali, tulikokuja mwaka 1996 kuishi kwa shangazi yetu, mtaa wa Gitega wa hapa Kigali. Wazazi walibaki kule. Baba alisema cherehani yake imezeeka, haiwezi kujifunza mji mpya. Dada alihitimu masomo ya kompyuta mwaka 2006, akaanza kwa kutengeneza mashine za watu katika duka moja mjini.

Tarehe 18 Julai 2009 alifunga ndoa na Manzi, aliyekulia Uganda na kujifunzia Kiswahili hapa hapa Kigali. Katika kadi yake ya kwanza kabisa shemeji aliandika: "Nakupenda kira siku." Alikusudia "kila". Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akakataza mtu yeyote kumsahihisha. Walihamia Gisozi, na Mungu akawajalia binti mmoja, Mukunde.

Mwaka 2015 Baba alifariki Bujumbura, na njia hazikupitika. Jirani mmoja alirusha mazishi mtandaoni ili tulio mbali tuone. Dada aliketi sebuleni na nguo zake za msiba, simu mkononi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Wenye simu za bei kubwa walimwona Baba akishushwa kaburini. Yeye, mtoto wake wa kwanza, alisikia vipande vya wimbo, basi. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka tujue.

Mwaka uliofuata aliajiriwa Masoro, katika kampuni inayotengeneza video za masomo ya watoto. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha video ile ile inafunguka kwenye simu mpya na ya zamani, kwa kivinjari chochote, mtandao ukiwa na nguvu au ukichechemea. Kila video ilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, simu ndogo ipewe inayoiweza, lakini somo lisipungue. Hakuiamini simu yake mwenyewe, wala ya mkurugenzi. Alikwenda Gitega kwa Joselyne, muuza nyanya, akamwomba wabadilishane: Joselyne achukue simu mpya, yeye apewe ile kuukuu yenye ufa. Joselyne aliita majirani waje kushuhudia.

"Huyu mama iko sawa kweli? Anataka simu imekufa!"

"Haijakufa," Dada akamjibu. "Iko inanyimwa."

Simu hiyo ilikaa mezani pake miaka yote, na video ambayo haikucheza humo haikutoka. Mkurugenzi alipotaka kuzindua masomo mapya yenye picha za kung'aa, ambayo simu ya Joselyne iliyakataa, Dada alisimama kikaoni akasema, "Ndagala wanagawiwa wote." Mkurugenzi hakuelewa ndagala wameingiaje kikaoni, lakini uzinduzi uliahirishwa mpaka yalipofunguka. Na sisi sote tulizoea: ukimpigia Dada, hata kwa habari za harusi, kwanza atakuuliza kuhusu video yao ya mwisho, "Kwako iko inacheza?" Salamu zilifuata baadaye.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Hapo kosa la shemeji kwenye kadi likageuka dua, maana "kira" kwa Kinyarwanda ni "pona". Kila asubuhi alimwamkia kwa neno hilo moja, "Kira," naye Dada akamjibu, "Siku." Alitibiwa kwa uvumilivu na utani mwingi, tunawashukuru wote waliomuuguza. Alifariki Jumanne tarehe 13 Mei 2025 asubuhi, nyumbani Gisozi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Manzi.

Siku chache kabla aliniita kitandani. "Mama hatavuka mpaka," akasema. "Na ile simu yake unaijua, nyingine haitaki. Asije akanizika mimi kama nilivyomzika Baba." Nilimwahidi, ingawa sikujua hata pa kuanzia. Wenzake wa Masoro walijua. Jana Harriet, aliyefanya kazi naye tangu mwanzo, alisimama mlangoni mwa kanisa na kamera, simu ya Joselyne mfukoni, kujaribu matangazo ya leo, akampigia Mama.

"Mama, kwako iko inacheza?"

Mama akasema, "Nauona mlango wa kanisa. Na viatu vya Révérien naviona, havijapigwa rangi."

Leo vimepigwa rangi, Mama. Vitazame.

Marehemu ameacha mume, Manzi, binti, Mukunde, mama mzazi, Mukashema, mdogo wake, yaani mimi, wenzake wa Masoro wanaolia pale nyuma, na simu moja yenye ufa ambayo bado inawaka.

Dada, kwa Mama iko inacheza. Sasa pumzika kwa amani.