Wanakwenda au Wanarudi?

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi limekatika mguu mmoja, mahali pake pamewekwa tofali, na upande huo wa tofali huachiwa wageni. Asubuhi ile walikuwepo wale wale: Mwalimu, aliyestaafu kufundisha historia lakini hakustaafu kusahihisha watu, Spana, fundi pikipiki wa jirani, na Redio, ambaye ukimwasha hazimiki. Kinyozi alikuwa kasimama mlangoni, simu mkononi, kahawa yake imepoa. Juzi mpwa wake alikuwa amemtumia filamu ya zamani, moja ya zile habari zilizoonyeshwa ukumbini kabla picha yenyewe haijaanza, akijua mjomba anapenda mpira. Mpira ulikuwepo kweli: vijana wa kaptura pana wanapokea kombe. Kisha mheshimiwa mwenye kofia ya manyoya anakata utepe darajani. Kisha askari wanapita barabarani, na mmoja wa pembeni anageuza kichwa, anatabasamu. Kinyozi aliishi kwa kunyoa kuzunguka masikio ya watu, na masikio yale aliyajua. Huyaona kila siku kwenye kioo chake mwenyewe.

— Ni baba huyu. Nawaambieni ni baba.

— Hebu rudisha — Spana alisema.

Akarudisha. Mtangazaji akasema, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: “Vijana wetu hodari warejea nyumbani salama salimini!”

— Hapo sasa — Mwalimu akasema. — Baba yako si alifia vitani?

— Ndivyo tulivyoambiwa. Mimi nilikuwa tumboni. Watu wawili walikuja wakampa mama habari, wakaenda zao. Hatuna kaburi, hatuna picha.

— Basi kama huyu ni yeye, alirudi.

— Alirudi.

— Na kwenu hakufika.

Neno hilo Kinyozi alikuwa akilikwepa tangu juzi, na sasa Mwalimu kalitua mbele ya watu bila hata kulifunika. Iliuma. Maisha yake yote amekuwa mtoto wa marehemu, na hilo alishalizoea. Kuwa mtoto wa mtu aliyetupa familia, kwa umri ule, hakujua angeanzia wapi.

— Mwacheni mwenzenu! — Redio aliingilia. — Sauti hiyo iliwekwa baadaye. Anayepiga picha yuko juani, anayesema yuko ofisini kashiba, hajui hata hao ni nani. Hawa wanakwenda, bwana! Walikosa picha za kurudi, wakabandika za kwenda.

— Hilo linawezekana — Mwalimu alisema, na benchi zima likamgeukia, maana si kawaida yake. — Walikuwa wakifanya hivyo, sikatai.

— Halafu cheki nguo — Spana alisema. — Mtu katoka vitani na mikunjo ya pasi?

— Wanaporudi ndipo hupewa mpya, wapendeze mbele ya mheshimiwa.

— Mwalimu, umekubali sasa hivi, unakataa sasa hivi!

— Nakubali kwamba hatujui.

— Basi ni pacha wake — Redio alisema.

— Baba hakuwa na pacha.

— Umejuaje, nawe ulikuwa tumboni?

— Mimi naona alipoteza kumbukumbu — Spana alisema. — Bomu limelia jirani, mtu kasahau jina, kasahau mke, kashuka kituo sicho, kaanza maisha.

— Kumbukumbu gani! — Redio akadakia. — Alikuwa jasusi. Jasusi hafi, hutangazwa tu. Huenda alikuwa akipita hapa hapa, kavaa ndevu za bandia, anamchungulia mwanawe.

— Ndevu za bandia kwa kinyozi? Ningezijua.

— Ndiyo maana alinyolewa kwingine!

Walicheka wote, hata Kinyozi. Kicheko kilimpunguzia uchungu, ila hakikumwondolea.

Upande wa tofali alikuwa amekaa dada mmoja asiyejulikana pale, anasubiri pikipiki yake ifungwe cheni.

— Samahani, wazee wangu. Naomba nami nione.

Aliitazama mara moja tu.

— Hapa anapogeuka, nani kamwita?

Spana akakumbuka cheni, akainuka.

Kinyozi peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema, na halikuwa la kijiweni. Mama yake alishamsimulia kwamba usiku wa mwisho kabla ya safari wazazi wake waligombana. Mama hakutaka mumewe aende jeshini, na kwa hasira alimwambia: nenda, na usirudi. Asubuhi akajuta, akakimbia na tumbo lake mpaka barabarani, akaliita jina la mumewe kwa nguvu zote, katikati ya ngoma na vifijo. Alichokiona ni kisogo kikipita. Tangu alipoletewa habari ya kifo anaamini mumewe alikufa na maneno yale moyoni. Kama askari hawa walikuwa wakienda, tabasamu lile ni la mama. Kama walikuwa wakirudi, ni la mwanamke mwingine.

— Sijui, dada yangu — alisema.

— Mama yenu yupo?

— Yupo. Jicho limebaki moja, lakini masikio mazima.

— Mwonyeshe basi.

— Amwonyeshe, ila amwambie na hilo la kurudi — Mwalimu alisema. — Ni haki yake.

Kinyozi alifunga kibanda mapema, akaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunga khanga kifuani. Kinyozi alikaa karibu yake, akaipeleka simu upande wa jicho zima. Kabla ya kuiwasha filamu, akabonyeza kitufe cha pembeni mpaka sauti ikafa.

Askari wakapita. Yule wa pembeni akageuka, akatabasamu.

Mama akaushika mkono wa mwanawe pamoja na simu, akausogeza karibu.

— Ni yeye — alisema. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. — Kumbe alinisikia.

— Ndiyo, mama.

— Nirudishie.

Akamrudishia.

— Mbona hawasemi kitu?

— Filamu za zamani hizi, mama. Hazikuwa na sauti.